Mbwa wa Kitabuni, Mbwa wa Sinemani: Je, ni Yule Yule?

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu, Arusha. Binti yake Neema, miaka tisa, alikuwa ametoka kutazama ile filamu ya Dalmatian 101 kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Akanijia na hoja iliyoiva kabisa: "Shangazi, mwambie baba aninunulie mbwa wa madoa."

Kumbe baba mwenyewe moyo ulishalainika. Akanipa simu yake nione tangazo: watoto wa mbwa wanne wamelala juu ya taulo, weupe, wana madoa meusi yaliyokolea. Maneno ya chini: "Dalmatian halisi, wana siku nne, weka oda mapema." Bei ilikuwa karibu sawa na ada ya muhula mzima ya Neema.

"Wewe si ndiye unayesomea jenetiki," kaka akasema. "Hebu tuambie, tununue?"

Swali rahisi, lakini jibu lake limenipeleka mbali: kwenye riwaya za zamani, kwenye sinema, na ndani ya vinasaba vya mbwa. Nimeona niliandike hapa, maana naamini si kaka yangu peke yake anayechagua mbwa kwa kutazama skrini.

Kwanza, "aina" ya mbwa ni kitu gani?

Mbwa wote, kuanzia Chihuahua anayeingia kwenye mkoba hadi Great Dane anayemfikia mtu kiunoni, ni spishi moja. Wametokana na mbwamwitu wa kale, na wamekaa na binadamu kwa zaidi ya miaka 15,000. Lakini aina tunazozijua leo kwa majina nyingi ni changa mno. Zilitengenezwa katika karne ya 19, hasa Uingereza, pale watu walipoanza kufanya maonyesho ya mbwa na kuweka daftari za ukoo. Klabu ya kwanza ya kitaifa ya kusajili mbwa ilianzishwa London mwaka 1873.

Kanuni ni nyepesi: mbwa anaandikwa kwenye daftari kama baba na mama yake wameandikwa tayari. Kwa lugha nyingine, mlango umefungwa. Hakuna damu mpya inayoingia. Hilo ndilo linalofanya watoto wote wafanane na wazazi, na, kama tutakavyoona, ndilo linaloleta balaa.

Jambo la kushangaza ni kwamba tofauti za sura tunazoziona hutokana na mabadiliko machache tu ya jeni. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya: kama ni marefu au mafupi, yamenyooka au yamejisokota, na kama mbwa ana "masharubu" au hana. Udogo wa mwili nao kwa kiasi kikubwa unahusishwa na jeni moja ya ukuaji, IGF1. Kwa hiyo mbwa wawili wanaweza kuonekana kama viumbe wa sayari mbili tofauti, kumbe ndani wanakaribiana sana.

Kitabu kinasema hiki, filamu inaleta kile

Sasa twende kwenye hadithi. Mwandishi akiwa na kalamu, anaweza kuumba mbwa yeyote anayemtaka. Mwongozaji wa filamu, yeye anahitaji mbwa anayepumua. Hapo ndipo mambo hubadilika.

Arthur Conan Doyle, katika hadithi ya mbwa wa Baskerville iliyoanza kuchapishwa mwaka 1901, alieleza mnyama aliye mchanganyiko wa Bloodhound na Mastiff, mkubwa kama simba jike mdogo. Filamu ya 1939 ilitumia Great Dane. Ile ya 1959 pia ikatumia Great Dane. Ni mrefu, anatisha akisimama gizani, tena anapatikana.

Katika vitabu vya Harry Potter, mbwa wa Hagrid anaitwa Fang na ni "mbwa wa kuwindia nguruwe", jina la zamani linalohusishwa na huyo huyo Great Dane. Filamu zilipoanza kutoka mwaka 2001, Fang akawa Neapolitan Mastiff: uso umejaa mikunjo, ngozi inaning'inia, mate yanachuruzika. Kwa mbwa mkubwa mwenye moyo wa kuku, sura hiyo inachekesha zaidi.

Toto, mbwa wa Dorothy katika kitabu cha mchawi wa Oz cha mwaka 1900, anaelezwa tu kuwa mdogo, mweusi, mwenye manyoya marefu laini. Aina haikutajwa. Filamu ya 1939 ikampa nafasi Cairn Terrier, na tangu hapo watu wengi wakisikia "Toto" wanamwona Cairn Terrier. Yaani filamu imejibu swali ambalo kitabu hakikuuliza. Na zaidi ya hapo, Toto ni dume, ila aliyeigiza alikuwa jike aliyeitwa Terry.

Kwa Lassie ilikuwa kinyume chake. Lassie wa riwaya ya Eric Knight ya mwaka 1940 ni Collie jike. Katika filamu ya 1943 aliigizwa na dume aliyeitwa Pal, na baada yake madume ya ukoo wake wakaendelea na kazi hiyo. Sababu moja ni ya kibaiolojia: jike hupukutika manyoya sana kwa vipindi kufuatana na homoni zake, na Lassie mwenye manyoya machache hapendezi kwenye kamera.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Buck, shujaa wa riwaya ya Jack London ya mwaka 1903. Kitabuni, baba yake Buck ni St. Bernard na mama yake ni mbwa wa kuchunga kondoo wa Kiskoti. Uzito wake ni pauni 140, yaani kilo 63 hivi. Ni chotara. Lakini filamu ya 1935, aliyocheza Clark Gable, ilitumia St. Bernard. Ile ya 1972, aliyocheza Charlton Heston, ikatumia German Shepherd. Chotara wa kweli alikosa kazi kwa miaka na miaka!

Ikaja filamu ya 2020, aliyocheza Harrison Ford. Safari hii Buck hakuwa mbwa kabisa. Alichorwa kwa kompyuta, na mienendo yake iliigizwa na mtu mzima, Terry Notary, akitembea kwa miguu na mikono. Sura yake ilichukuliwa kwa mbwa mmoja aliyeitwa Buckley, aliyetoka kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe huko Kansas, Marekani. Buckley alikuwa nini? Chotara wa St. Bernard na mbwa wa kuchunga. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, mbwa aliyefanana na yule wa kitabuni alipatikana kwenye kituo cha waliotupwa.

Mbona wanabadilisha?

Sababu ni za kazi tu. Kwanza, mbwa mmoja hatoshi. Anachoka, anaumwa, mwingine anajua kuruka lakini hajui kulala kimya. Kwa hiyo wanahitajika mbwa kadhaa wanaofanana kama mapacha, na njia rahisi ya kuwapata ni kutumia aina iliyosajiliwa. Chotara kama Buck, kumpata pacha wake ni kazi.

Pili, watoto wa mbwa hawasubiri mtu. Kwa filamu ya Dalmatian ya mwaka 1996 walitumika watoto zaidi ya 200, kwa sababu aliyefaa wiki hii, wiki chache baadaye ameshakuwa mkubwa kuliko tukio linavyotaka.

Tatu ni macho ya mtazamaji. Msomaji wa riwaya ana kurasa nzima za kumwelewa mbwa. Mtazamaji ana sekunde tatu. Inabidi sura ya mbwa iseme yote: huyu mpole, huyu katili, huyu mjinga kidogo. Na hapa ndipo tunapodanganyika.

Sura siyo tabia

Ukishatazama Lassie, unatoka ukiamini Collie wote wana akili ya kukimbia kuita msaada. Ukitazama Cujo, filamu ya 1983 iliyotokana na riwaya ya Stephen King ya 1981, unatoka ukimwogopa St. Bernard.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa Marekani. Wamiliki wa mbwa 18,385 walijibu maswali kuhusu tabia za mbwa wao, na mbwa 2,155 kati yao wakasomwa vinasaba. Nusu hivi walikuwa chotara, na hilo liliwasaidia watafiti kutenganisha ukoo na sura. Matokeo: aina ya mbwa ilieleza asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Zipo tabia zinazorithiwa, mfano utayari wa kufuata maelekezo, lakini huwezi kumtazama mbwa mmoja usoni ukasema, "huyu atakuwa mpole." Malezi, mazoezi na bahati ya mbwa mwenyewe vina nafasi kubwa.

Hata hao waigizaji wa Cujo walithibitisha. Walikuwa wakiufurahia mchezo kiasi kwamba ilibidi mikia yao ifungwe, maana "mbwa katili" alikuwa anatikisa mkia mbele ya kamera.

Na hapa niseme kitu kinachotuhusu sana. Kilichombadilisha Cujo hadithini si aina yake, ni kichaa cha mbwa, alichoambukizwa na popo. Huku kwetu virusi hivyo huja hasa kwa kung'atwa na mbwa ambaye hajachanjwa, awe wa kienyeji au wa bei mbaya. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Ukishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa "anaonekana mzima".

Filamu ikitoka, sokoni kunatokea nini?

Watafiti watatu, Ghirlanda, Acerbi na Herzog, waliliangalia swali hili mwaka 2014. Walichukua filamu 87 zenye mbwa, za kuanzia 1927 hadi 2004, wakazilinganisha na daftari la klabu ya mbwa ya Marekani lenye zaidi ya mbwa milioni 65. Waliangalia mwelekeo wa usajili kabla ya filamu na baada yake.

Waligundua kuwa filamu inaweza kusukuma umaarufu wa aina fulani kwa muda wa hadi miaka 10. Baada ya Lassie ya 1943, usajili wa Collie uliongezeka kwa asilimia 40 ndani ya miaka miwili. Waligundua pia kuwa filamu za zamani zilikuwa na nguvu zaidi, pengine kwa sababu leo filamu ni nyingi na zinagombania macho yetu.

Dalmatian ndio walioumia. Riwaya ya Dodie Smith ilitoka mwaka 1956, katuni ya Disney ikafuata 1961. Katuni hiyo iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1985, usajili wa Dalmatian Marekani ulikuwa 8,170 kwa mwaka. Kufikia 1993 ulikuwa 42,816. Mara tano zaidi! Kisha ukaporomoka, watu walipogundua kuwa yule mbwa mzuri wa kwenye katuni ana nguvu nyingi, anataka kukimbia kila siku, na ana matatizo yake ya kiafya.

Matatizo gani? Hapa ndipo ule mlango uliofungwa unapotudai.

Dalmatian na mkojo wake

Mwili wa mbwa wa kawaida hutengeneza asidi ya yuriki, kisha ini huigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka vizuri na kutoka kwenye mkojo. Dalmatian ana ini zima, lakini jeni yake moja, SLC2A9, ina kasoro. Jeni hiyo ndiyo hutengeneza "mlango" wa kuingiza asidi ndani ya seli za ini. Mlango haufanyi kazi, basi asidi inaishia kwenye mkojo, na kwa baadhi ya mbwa inaganda kuwa mawe. Madume huteseka zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba. Jiwe likikwama ni dharura. Sisi binadamu nasi tunaijua asidi hii: ikizidi kwa mtu, huleta gauti, au jongo.

Kasoro hii hujitokeza pale tu mbwa anapoirithi kwa baba na kwa mama. Kwa mbwa wa kawaida hiyo ni bahati mbaya ya nadra. Kwa Dalmatian waliozalishwa ndani ya daftari lililofungwa, wote wakawa nayo kutoka pande zote mbili. Haikubaki nakala nzima ya jeni ndani ya ukoo. Hata ungechagua wazazi kwa makini namna gani, huwezi kupata kisichokuwepo.

Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki Robert Schaible akafanya kitu ambacho kwa wapenda "damu safi" kilikuwa kama tusi: akampandisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer, mara moja tu, halafu watoto wakawa wanazalishwa na Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi alichaguliwa mwenye mkojo wa kawaida. Baada ya vizazi kadhaa, mbwa hao walikuwa Dalmatian kwa zaidi ya asilimia 99, isipokuwa kile kipande kidogo chenye jeni nzima. Ugomvi wa kama wasajiliwe au la ulidumu miaka mingi. Klabu ya Marekani iliwakubali rasmi mwaka 2011.

Kuna tatizo la pili. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinahitajika pia ndani ya sikio ili lisikie. Dalmatian ana weupe mwingi, kwa maana seli hizo zimepungua. Katika vipimo vilivyofanyika Marekani, karibu mbwa 3 kati ya 10 walikuwa viziwi wa sikio moja au yote mawili. Weupe unaompendeza Neema na uziwi vina chanzo kimoja.

Collie na bawabu wa ubongo

Wa Lassie nao wana lao, na hili linahusu dawa iliyojaa kwenye maduka yetu ya pembejeo: ivermektini, inayotumika kuua minyoo na wadudu wa ng'ombe na mbuzi.

Kwenye mishipa ya damu ya ubongo kuna protini inayofanya kazi kama bawabu: dawa fulani zikijaribu kuingia, inazitoa nje. Mwaka 2001 iligunduliwa kuwa Collie wengi wana kasoro kwenye jeni ya bawabu huyo, inayojulikana kama MDR1. Takriban asilimia 70 ya Collie wana angalau nakala moja mbovu. Kwa mbwa mwenye nakala mbili mbovu, ivermektini inaingia ubongoni bila kuulizwa. Anapepesuka, anashindwa kuona, anaweza kuzimia na kufa. Dozi ya ng'ombe ni mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito. Kwa mbwa huyo, hata nusu yake inaweza kuwa sumu.

"Lakini mimi sina Collie," utasema. Sawa, ila kasoro hii ipo pia kwa baadhi ya German Shepherd, na hao mitaani kwetu wamejaa. Kwa hiyo usimdunge mbwa wako dawa iliyobaki ya ng'ombe kwa kukisia. Muulize daktari wa mifugo kwanza.

Turudi Arusha

Niliyaeleza yote haya mezani, kaka akisikiliza huku akiitazama ile simu. Neema ndiye aliyemaliza mjadala. Aliinyakua simu, akaikodolea macho, akasema: "Shangazi, hawa waongo. Kwenye filamu watoto wa Pongo walizaliwa hawana madoa, yule mama mbaya akakasirika."

Sikuwa nimemwambia. Ni kweli kabisa: Dalmatian huzaliwa weupe, madoa huanza kujitokeza siku 10 hadi 14 baadaye. Waliomo kwenye picha, wa "siku nne", ama hawakuwa wa siku nne, ama hawakuwa Dalmatian. Dodie Smith alifuga Dalmatian na aliyajua haya. Akayaweka kitabuni, filamu ikayabeba, na mtoto wa miaka tisa akayatumia kuokoa ada ya muhula.

Wiki iliyofuata walichukua mtoto wa mbwa wa jirani. Wa kienyeji, kahawia mtupu, hana hata doa moja. Mwaka 2009 watafiti walichunguza vinasaba vya mbwa wa vijijini 318 kutoka Misri, Uganda na Namibia, wakakuta kuwa wale wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wazawa halisi wa Afrika, si mabaki ya mbwa wa Kizungu waliotoroka. Wana utajiri wa vinasaba ambao daftari lililofungwa haliwezi kuwa nao. Hawa tunaowaita mbwa koko, jamani, ndio wenye akiba.

Haina maana kwamba mbwa wa kienyeji hawaugui. Huyu naye amepelekwa kuchanjwa kichaa cha mbwa alipofikisha miezi mitatu, na atarudishwa kila inapotakiwa. Na ukitaka mbwa wa aina fulani, si kosa. Ila mwone mama yake kwanza, uliza vipimo, na jiulize kama una nafasi na muda wa kumkimbiza kila siku.

Neema amempa jina Pongo. Nimemwambia jina halimfai, hana madoa. Akanijibu, "Na yule wa kwenye kitabu alipozaliwa alikuwa nayo?"